Msiziue kanuni za intaneti kupitia kasma

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu inayowasifu wabunge wa Marekani wanaotaka kubana bajeti ya FCC, tume inayosimamia mawasiliano nchini humo, eti wanaokoa fedha ya mlipakodi. Mimi ni mhasibu mstaafu. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye kasma, yaani mafungu ya bajeti, na hati za malipo, na hoja hiyo imenikwama kooni.

Bajeti ya kawaida ya FCC haitoki kwenye kodi ya mwananchi. Kampuni za simu, kebo, redio, televisheni na setilaiti hutozwa ada kila mwaka, na ada hizo ndizo zinazofidia kiasi ambacho Bunge limeidhinisha. Kwa mwaka wa fedha 2023 kiasi hicho kilikuwa takriban dola milioni 390. Punguza humo milioni 50, na anayepumua ni kampuni inayosimamiwa. Mlipakodi hata hatajua. Mwandishi wenu angeligusa hilo kabla ya kupiga makofi.

Kama si akiba, basi ni siasa. Sisemi kwa dharau, siasa ndiyo kazi yao. Shida yangu ni mahali wanapoifanyia: ndani ya bajeti.

Tarehe 21 Desemba 2010 FCC ilipitisha, kwa kura 3 dhidi ya 2, kanuni za kuwazuia wauzaji wa intaneti wasifunge wala kubagua mawasiliano halali ya wateja wao. Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Mwaka 2005 kampuni ya simu ya Madison River, ya North Carolina, ilibanwa kwa kufunga njia zinazotumiwa na huduma ya kupiga simu kwa intaneti, huduma ambayo ilikuwa ikimnyang'anya wateja muuza simu za kawaida. Ililipa dola 15,000 na kukubali kuacha. Wanasiasa wengi wa chama cha Republican walisema kanuni za 2010 zinatibu ugonjwa ambao haupo, na kwamba sheria haijaipa tume mamlaka hayo. Hoja ya pili ina uzito. Januari 2014 mahakama ilizitengua sehemu kubwa ya kanuni hizo.

Lakini tazama wapinzani hao walikoanzia. Februari 2011, Baraza la Wawakilishi la Bunge la Marekani lilipokuwa likijadili muswada wa fedha za kuendesha serikali, mbunge Greg Walden wa Oregon alichomeka marekebisho: fedha za muswada ule zisitumike kutekeleza kanuni hizo. Yakapita, kura 244 dhidi ya 181. Hapo kanuni haijafutwa. Ipo kitabuni na namba yake, ila mwanasheria wa tume haruhusiwi kulipwa kwa saa atakazokaa akisoma malalamiko ya mteja.

Zuio la namna hii mhasibu analijua. Hati inafika mezani, kazi imeshafanyika, saini zote zipo, kila kiambatisho kipo. Unafungua leja, kasma imefungwa. Unairudisha na maneno mawili kwa wino mwekundu: hakuna fungu. Mwenye hati anakugombeza wewe, anakwenda kwa bosi wako kusema umemwekea kinyongo, na yule aliyeifunga kasma jina lake halimo popote kwenye karatasi ile.

Zuio la Walden halikufika mbali, maana mapatano ya bajeti ya mwaka huohuo yaliliacha nje. Wapinzani wa kanuni wakaleta azimio la kuzifuta waziwazi, Baraza likalipitisha, Seneti, baraza la pili la Bunge, ikalikwamisha Novemba 2011 kwa kura 52 dhidi ya 46. Ningekuwa seneta ningelikataa azimio lile, lakini naliheshimu. Kila mmoja alijibu ndiyo au hapana na jina lake likaandikwa.

Baadaye kanuni zikarudishwa 2015, zikafutwa 2017, zikarudishwa tena Aprili 2024, kila mara kwa kura 3 dhidi ya 2 ndani ya tume, kila mjumbe akifuata chama chake. Tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Cincinnati ikazitupa kwa sababu sheria iliyopo haiipi tume uwezo huo. Miaka yote hiyo Bunge, lenye kalamu ya kuandika sheria, halikuandika.

Na msidhani kasma inaua kanuni tu. Mwaka 2021 Bunge hilohilo lilitenga dola bilioni 14.2 kuzisaidia kaya za kipato cha chini kulipia intaneti, kwa kawaida hadi dola 30 kwa mwezi. Kaya zaidi ya milioni 23 zikajiandikisha. Fedha zikaanza kukauka, Februari 2024 FCC ikaacha kupokea waombaji wapya, na tarehe 1 Juni mpango ukafungwa. Muswada wa kuongeza dola bilioni 7 uliungwa mkono na baadhi ya wabunge wa vyama vyote viwili, ila haukufikishwa kwenye kura. Kwa hiyo hakuna mbunge aliyepiga kura ya kuwakatia watu wale msaada. Tume ilipiga kura ya kuzirudishia kaya haki ya kutobaguliwa kwenye intaneti wiki chache kabla ya msaada wa kuilipia kukatika.

Najua nitajibiwa kwamba mkoba ni wa Bunge. Ni wake, na libaki nao. Sitaki tume ijikusanyie ada na kujitumia bila kuulizwa. Nimeona taasisi za aina hiyo, ambako semina huzaa semina na magari hayaishi kubadilishwa. Bunge liamue tume ipate kiasi gani, na limhoji mwenyekiti wake mpaka jasho limtoke. Lakini tume ifanye nini na isifanye nini, hilo liandikwe kwenye sheria na lijadiliwe kama sheria, si kwenye sentensi moja iliyofichwa katika muswada wa mamia ya kurasa unaopitishwa usiku kwa kuogopa serikali itafungwa.

Nina ombi moja. Siku nyingine mkiandika kuhusu bajeti ya msimamizi wa intaneti, wa Marekani au wa kwingine, msituchapishie jumla tupu. Tuwekeeni na masharti yaliyoandikwa chini ya kasma, pamoja na majina ya walioyapigia kura.

Wako,
Mhasibu mstaafu