Barua kwa mwanangu aliye Dubai: uliza shilingi ngapi zitafika

Mwanangu Swaleh,

Assalaam aleikum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mamako ameniambia umeuliza utume pesa kwa njia gani, na kwamba wenzako wa chumbani kila mmoja anasifu yake: mmoja ana duka lake la Deira, mwengine programu ya simu, wa tatu ana "mtu wake". Nimeona bora nikuandikie kuliko kukutumia ujumbe wa sauti. Hesabu haisikiki vizuri kwa sauti, na mamako angeniingilia kabla sijafika kwenye desimali.

Wajua miaka yote mliyokuwa shule mimi nilikaa nyuma ya kioo cha duka la foreksi pale Moi Avenue. Watalii, mabaharia, mahujaji, wote nimewahesabia. Kitu ambacho mteja hakuambiwa ni kwamba duka lile halikuishi kwa ada. Liliishi kwa tofauti ya bei tunayonunulia na bei tunayouzia. Mtu akitoka amefurahi kwamba hakukatwa hata ndururu, na sisi tumefurahi zaidi yake. Ni kama muuza samaki pale Markiti anayekwambia hakutozi kuparua, huku kidole chake kimeegemea mizani.

Kwa hivyo ukiingia duka lolote huko, au ukifungua programu yoyote, usiulize "ada ni ngapi?" Sema hivi: nikitoa dirhamu 2,000 mfukoni, hizo tu, na kila mnachokata mkate humo humo, shilingi ngapi zitaingia kwa simu ya mama? Akujibu kwa shilingi. Akianza kukueleza punguzo na zawadi, mrudishe kwenye shilingi.

Wewe una bahati ambayo binamu yako wa London hana. Dirhamu imefungwa kwenye dola, dola moja kwa dirhamu 3.6725, na imekaa hapo tangu 1997. Pauni inapanda na kushuka kila siku, yako haitikisiki. Kwa hivyo ukitaka kujua bei ya haki, fungua tovuti ya Benki Kuu ya Kenya asubuhi, tazama bei ya dola, gawa kwa 3.6725. Dola ikiwa 129, dirhamu ni shilingi 35 na senti 12 hivi. Hakuna atakayekupa hiyo, na usigombane na keshia kwa ajili yake, maskini hakuipanga yeye. Lakini ukiijua, utajua umepunjwa kiasi gani.

Sasa tuipige hesabu yenyewe, kwa bei za mfano. Duka la kwanza linakupa 34.90 kwa dirhamu na ada ya dirhamu 20. Huko juu ya ada kuna kodi ya VAT ya asilimia 5, kwa hivyo ni 21. Duka la pili limeandika kwa herufi kubwa "BILA ADA", na bei yake ni 34.30. Ukituma dirhamu 2,000, la kwanza linaleta shilingi 69,067, na la pili 68,600. Yule wa bila ada amekula zaidi ya yule mwenye ada. Lakini usikimbilie kuapa kwamba la kwanza ndilo bora siku zote. Tuma dirhamu 300 za dawa ya bibi yako: la kwanza linaleta 9,737, la pili 10,290. Limegeuka! Kwa bei hizo mpaka uko kwenye dirhamu 1,200 na kidogo. Chini ya hapo ada ndiyo inayouma, juu ya hapo bei ndiyo inayouma. Ndiyo maana wenzako wanabishana usiku kucha na hawafiki popote. Mmoja anatuma mshahara, mwengine anatuma vijisenti kila Ijumaa, na kila mtu anasema kweli kwa mfuko wake.

Na hapo utaona kwa nini nakuombea usitume vipande vipande. Zile dirhamu 300 kupitia duka lenye ada zimepoteza kama asilimia saba na nusu njiani. Benki ya Dunia, ambayo hupima gharama hizi kwa dola 200, kila mara hukuta kwamba kutuma Afrika kusini ya Sahara ni ghali kuliko kutuma sehemu nyengine yoyote. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Sisi tusiingoje 2030. Tuma mara moja kwa mwezi, mshahara ukiingia, na dharura iwe dharura kweli. Mamako nitazungumza naye mimi, maana najua simu za "mwanangu, gesi imeisha" zinatoka upande gani.

Programu za simu sizikatai. Nyingi zina bei nzuri kuliko kaunta kwa sababu hazilipi kodi ya duka wala umeme wa kiyoyozi. Lakini angalia mambo mawili. Mara ya kwanza hukupa bei ya kukuvutia, kisha mwezi wa pili unarudi kwenye bei ya kawaida. Kwa hivyo ilinganishe upya, usiolewe nayo. Na Jumamosi na Jumapili soko la fedha limefungwa, basi wengi hujilinda kwa kupunguza bei kidogo. Kama si lazima, ngoja Jumatatu. Pia usisikilize sana sifa za walio nchi nyengine. Programu inayosifiwa Uingereza huenda huko uliko haifanyi kazi, au inafanya kwa bei tofauti kabisa. Wise, kwa mfano, huonyesha bei ya katikati ya soko, ile iliyo kati ya ya kununulia na ya kuuzia, na ada yake pembeni, waziwazi, na mimi napenda uwazi huo; lakini usiitumie kwa jina, itumie kama leo imeleta shilingi nyingi zaidi. Shangazi yako wa Minneapolis naye ana yake: Marekani imeweka kodi ya asilimia 1 kuanzia Januari 1, 2026 kwa wanaotuma kwa pesa taslimu, na wanaolipa kwa akaunti ya benki au kadi ya benki ya huko hawaguswi. Kila nchi na mtego wake.

Benki kwa benki nakushauri uiweke kwa pesa kubwa tu, za kiwanja au za gari. Huko ujaze SWIFT, yaani herufi za kuitambulisha benki kimataifa, na nambari ya akaunti. Fomu ikikulazimisha uandike IBAN ya Kenya, ile nambari ndefu ya akaunti ya kimataifa, jua Kenya haitumii IBAN, usibuni nambari, mwite mhudumu. Kisha uliza nani analipa gharama za benki za njiani, kwa sababu pesa hupitia benki ya tatu, na hiyo nayo hujikatia chake bila kukupigia simu. Kuna kuchagua: ulipe zote wewe, mgawane na mpokeaji, au alipe mpokeaji. Kama ni malipo ya kiwanja yanayotakiwa yafike kamili, lipa zote wewe, usije ukadaiwa shilingi elfu tatu na mwenye shamba anayetafuta sababu.

Kwa matumizi ya nyumbani, M-Pesa yatosha. Kupokea hakuna gharama. Mwisho wa muamala mmoja ni shilingi 250,000 na simu haibebi zaidi ya 500,000, na sisi hatujafika huko. Gharama iko kwenye kutoa. Mamako akitoa elfu ishirini kwa mara moja wakala anakata 185. Akitoa elfu mbili mbili mara kumi, kila mara 29, imekuwa 290. Kwa hivyo karo ya dadako lipa moja kwa moja kwa nambari ya Paybill ya shule, na stima hivyo hivyo, zisipite kwa wakala kabisa. Akichukua taslimu achukue ya sokoni.

Jina, Swaleh, jina! Mamako kwenye kitambulisho ni Fatuma, si Fatma, na kina majina matatu, yaandike kwa mpangilio ule ule. Ukituma achukue kaunta, andika kama kitambulisho kinavyosema hata kama kimekosea. Nimewarudisha watu wazima nyumbani, machozi yakiwalenga, kwa sababu ya herufi moja, na sheria haikuniachia nafasi ya kuwahurumia.

Sasa huyo "mtu wake" wa mwenzako. Najua mpango wenyewe: unampa dirhamu huko, nduguye anampa mamako shilingi huku Majengo, dakika tano, bei nzuri. Mimi ni mtu wa pwani, hawala siidharau. Biashara ya huku na Uarabuni ilienda kwa kuaminiana kabla ya benki kujengwa. Lakini huko Imarati mwenye kufanya hawala lazima awe amesajiliwa na Benki Kuu yao, na huyo wa chumbani kwenu sidhani. Hujui dirhamu zako zinakwenda kulipia nini, wala hizo shilingi zimetoka wapi. Siku akaunti ikifungwa kwa uchunguzi, ni kitambulisho chako kitakachoonekana pale, naye atakuwa hapokei simu. Bei nzuri hiyo mimi siitaki. Hata walio na leseni hupata misukosuko: Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa kwa mpigo, na familia nyingi zilikaa bila matumizi hadi ziliporuhusiwa tena Juni. Kwa hivyo uwe na njia mbili, zote za leseni, na kwenye zote mbili uwe umeshasajili kitambulisho chako kabla ya kuhitaji.

Na kuna jambo wengi wenu hamlijui. Ule mchezo wetu wa kufungua kundi la WhatsApp na kuchangisha harusi au msiba, huko kuchangisha pesa bila kibali ni kosa. Si mzaha, watu hushtakiwa. Ukitaka kumchangia Bi Zuhura, tuma mwenyewe, kwa jina lako, moja kwa moja kwake. Usikusanye ya watu.

Umeuliza kama ungoje dola ipande. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160, na huku kila mwenye mtoto nje alikuwa akisema itafika 200. Wako waliozuia dirhamu zao zisiingie nyumbani. Serikali ikauza dhamana mpya nje mwezi wa Februari, ikapata pesa za kulipia deni lililokuwa likiwatisha watu, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa inacheza karibu na 130. Waliongoja walituma kwa bei ya majuto. Mimi nilikaa kwenye biashara hiyo nusu ya umri wangu na sijakutana na mtu aliyejua bei ya kesho. Niliokutana nao ni waliosema wanajua. Ya matumizi tuma kwa siku yake. Kama una akiba isiyo na haraka, hiyo waweza kuigawa mara mbili tatu katika mwaka, basi.

Risiti weka zote. Piga picha, zitie kwenye folda moja. Siku utakapokuja kununua ardhi Mtwapa au Kilifi, benki itakuuliza pesa zimetoka wapi, na karatasi za duka lenye leseni zitajibu kwa niaba yako. Wakati mwengine watu wa nyumbani nao huuliza zimekwenda wapi, na hilo ni juu yangu. Nimemwambia mamako tuandike daftari, yeye upande wake na mimi upande wangu.

Mwezi huu usitume za mabati. Fundi bado hajamaliza linta, na mabati yakikaa uani yataanza kutembea kwenda kwa majirani. Tuma ya matumizi na karo, ukishamaliza niandikie shilingi zilizofika na bei uliyopewa ili nilinganishe na ya Benki Kuu siku hiyo. Mamako anauliza kama unakula vizuri na kama ule udi wa bibi yako umeshaununua. Mimi nauliza jina la duka.

Wasalaam,
Babako