Topol hakuangukiwa na bahati

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa filamu, mwandishi wenu alimtaja Chaim Topol, mwigizaji wa Israeli aliyefariki Machi 2023 akiwa na miaka 87, kuwa mtu aliyeangukiwa na bahati ya filamu moja akaitegemea hadi kaburini. Filamu yenyewe ni Fiddler on the Roof ya mwaka 1971, alimocheza Tevye, muuza maziwa wa Kiyahudi mwenye mabinti watano katika kijiji kimoja cha Urusi ya enzi za Tsar. Kwamba Tevye ndiye aliyempa Topol jina dunia nzima, sina ubishi. Hayo ya bahati siyakubali. Nafundisha vijana uigizaji, na nisingependa hata mmoja wao asome gazetini kwamba nafasi kama ile humdondokea mtu hivi hivi.

Topol alizaliwa Tel Aviv mwaka 1935, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Poland. Alipofika miaka 14 alianza kazi katika kiwanda cha kuchapa gazeti la Davar, na masomo ya sekondari akayafuata usiku. Jukwaa alilijulia jeshini, katika kikundi cha burudani cha Nahal. Humo ndimo alimoanza kumlea mhusika aliyekuja kumtoa: Sallah Shabati, baba mtu mzima mwenye familia kubwa, mhamiaji kutoka nchi za Kiarabu. Mwandishi wa Sallah alikuwa Ephraim Kishon. Topol alimcheza mzee huyo kwa miaka kadhaa katika vichekesho vifupi vya jukwaani, hadi Kishon alipomfanyia filamu nzima mwaka 1964.

Kwangu mimi, filamu hiyo ndiyo kipimo chake halisi. Familia inashuka kwenye ndege na kuanza kuhesabiwa, na katika msafara wao yumo bibi kizee ambaye Sallah mwenyewe hamjui ni nani. Kaja nao tu. Wanatupwa kwenye kambi ya mabanda kusubiri nyumba isiyokuja. Sallah anapelekwa kupanda miti. Mara anatokea mfadhili kutoka Marekani kuuona msitu wenye kibao cha jina lake, anafurahi, anaondoka. Kibao kinang'olewa na kupachikwa cha mfadhili anayefuata, miti ikiwa ileile. Mwishoni Sallah anagundua jinsi wakubwa wanavyofanya kazi: watu wa kambini wanaandamana wakipiga kelele kwamba nyumba hawazitaki, na hapo ndipo nyumba zinapopatikana.

Vijana wangu nawaambia waangalie jinsi Topol anavyoketi. Hatui kitini kama kijana. Anajishusha taratibu, mwili wote ukiwa mzito, na akishakaa unaona kabisa kwamba kumwinua itakuwa shughuli. Hatua zake ni za kujivuta, mkono hauna haraka, macho ndiyo yanayokimbia huku na huku yakipima nani wa kudanganywa. Aliyekuwa akifanya yote hayo alikuwa bado hajatimiza miaka 30. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza ya Israeli kuteuliwa kuwania Oscar kwa filamu za lugha za kigeni, na Topol akapewa Golden Globe ya waigizaji chipukizi. Hayo yote yalitokea zaidi ya miaka sita kabla ya Fiddler kufika kwenye sinema.

Ipo lawama juu ya filamu hiyo, nayo ina haki yake. Topol alikuwa mtoto wa Wayahudi wa Ulaya akimwigiza Myahudi wa Mashariki, tena katika nchi ambamo Wayahudi waliotoka Moroko, Iraki na Yemeni walikuwa wakidharauliwa na kubaguliwa waziwazi. Wapo waliocheka naye, na wapo walioona wazee wao wamegeuzwa kichekesho: baba mvivu, mpenda pombe, anayetaka kumwoza binti yake kwa mahari. Sisi Kenya hali hiyo hatuwezi kusema hatuijui. Mwigizaji Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na nchi nzima ilimpenda kama Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga, kwa lafudhi yake ya Kijaluo. Nampenda Ojwang hadi leo. Hata hivyo, nikifundisha, sikwepi kuuliza nani anacheka na nani anachekwa, na Sallah Shabati naifundisha kwa namna hiyohiyo.

Turudi kwa Tevye. Waliomwita Topol London kwa ajili ya Fiddler ya jukwaani, kabla ya ile ya filamu, walikuwa wamemwona katika Sallah Shabati, kwa hiyo walimtarajia mzee. Aliyewafikia alikuwa na miaka 30 na ushei, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Akaishika kazi, na onyesho likafunguliwa Februari 1967 katika ukumbi wa Her Majesty's. Juni mwaka huohuo vita vya Israeli na majirani zake wa Kiarabu vilipozuka aliliacha jukwaa akarudi kwao kuwatumbuiza wanajeshi. Najua hilo litawakaa vibaya baadhi ya wasomaji wenu, na siliandiki ili kulitetea. Ni sehemu ya maisha yake na halifai kufichwa.

Ilipofika zamu ya filamu, wengi walidhani Tevye angekuwa Zero Mostel, aliyekuwa wa kwanza kumcheza Tevye jukwaani Broadway, New York, mwaka 1964. Mwongozaji Norman Jewison akamchagua Topol, aliyekuwa na miaka 35 tu. Ili aonekane mzee, Jewison alikuwa aking'oa mvi kutoka ndevu zake mwenyewe na kuzibandika kwenye nyusi za Topol. Nywele chache za nyusi zilisaidia uso. Uzee mwingine wote, wa mgongo, wa pumzi, wa kuongea na Mungu kama jirani wa ng'ambo ya ua, ulitoka katika mazoezi yaliyoanza jeshini. Alipata Golden Globe nyingine na akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora.

Baada ya hapo angeweza kweli kukaa na kula jina. Alichofanya ni kuigiza mpelelezi wa kukodiwa katika Follow Me! ya mwaka 1972, filamu ya mwisho ya mwongozaji Carol Reed: mtu mwenye koti jeupe la mvua, anayekula mfululizo huku akimfuata Mia Farrow mitaa ya London bila kumsemesha neno. Sehemu kubwa ya uigizaji wake humo ni wa kimya. Mwaka 1975 akawa Galileo, katika filamu ya Joseph Losey iliyotokana na tamthilia ya mwandishi Mjerumani Bertolt Brecht, mwanasayansi anayependa ukweli na pia anapenda chakula na usalama wake, na anayeikana kazi yake mwenyewe mbele ya kanisa. Hamna wimbo wala kicheko cha kumwokoa humo.

Kisha vijana wa kanda za video wakamjua bila kulijua jina lake. Katika Flash Gordon ya mwaka 1980 ndiye Daktari Zarkov, na maadui wanapojaribu kuifuta akili yake anawashinda kwa kujikumbusha Shakespeare, Talmudi na wimbo wa Beatles. Mwaka uliofuata akawa Columbo, mlanguzi wa Kigiriki anayemsaidia James Bond katika For Your Eyes Only. Ile tabia ya kutafuna njugu za pistashio kila wakati ilikuwa wazo lake mwenyewe, na ndiyo inayomfanya mlanguzi yule awe mtu na si sura tu ya kupita. Runinga nayo ikampa Berel Jastrow, mfungwa wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, katika The Winds of War na mwendelezo wake.

Na hata huyo Tevye hakuwa mmoja. Topol alimcheza jukwaani zaidi ya mara 3,500, akaanza akiwa kijana anayejizeesha, akamaliza akiwa mzee kweli. Rosalind Harris, aliyekuwa binti yake mkubwa katika filamu, alikuja miaka mingi baadaye kucheza jukwaani kama mkewe, Golde. Mwaka 2009, akiwa na miaka 73, Topol alianza ziara nyingine Marekani, hadi jeraha la bega lilipomtoa. Mtu anayerudia kazi moja namna hiyo, akiitafuta upya kila usiku, simwiti mvivu wa kula jina.

Naomba mwandishi wenu aitazame Sallah Shabati kwanza, kisha Galileo, halafu arudi kwetu wasomaji na makala nyingine. Nitaisoma kwa furaha. Na kama kuna msomaji wa Mombasa mwenye nakala nzuri ya Follow Me!, amwachie Mhariri ujumbe. Vijana wangu wanaitafuta kwa zoezi la kuigiza bila maneno.

Wenu,
Mwalimu wa sanaa za maonyesho,
Mombasa