Jeremiah Smith yupo sawa, ila ukuta wa Ohio State nani anaujenga?

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Columbus, Ohio, mwanzoni mwa Machi 2025. Mi msomaji wenu wa siku nyingi, huku nabeba maboksi (sioni aibu, ndo yanayosomesha wadogo zangu Muheza), zamu ya usiku kwenye ghala, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu saa tisa usiku muda wa mapumziko wenzangu wakiwa wamelala na vichwa juu ya meza. Sasa Januari mlitoa kihabari cha aya tatu kwamba chuo cha hapa, Ohio State, kimekuwa bingwa wa mpira wa Kimarekani wa vyuo, nikafurahi kweli maana ninyi mpira huo mnaukumbuka siku ya Super Bowl (fainali ya ligi ya kulipwa) tu, lakini mwisho mkamalizia kwamba chuo kitaendelea kutesa kwa sababu yule dogo Jeremiah Smith, risiva, yani mdaka pasi, bado yupo. Hapo ndo nimekuja na barua.

Kwanza niwaweke sawa wasomaji wanaodhani mpira wa chuo ni kama UMISHUMTA. Uwanja wao huu hapa mjini, umejengwa 1922, una umbo la kiatu cha farasi, unachukua watu zaidi ya 102,000. Kwa Mkapa ni 60,000. Yani ujaze kwa Mkapa siku ya Simba na Yanga, afu uongeze watu elfu arobaini na kitu, na wote hao wamekuja kuangalia wanafunzi. Siku ya mechi hata ghalani hakuna anayetaka zamu, sisi wageni ndo tunauziwa masaa.

Mazoezi ya springi (majira baada ya baridi) yanaanza Machi 17, 2025, siku 15 tu wanazoruhusiwa, afu Aprili 12 wanacheza wao kwa wao mbele ya watu. Na mji mzima sa hivi ni mjadala mmoja: nani awe kwotabeki, yule anayetupa pasi na kuendesha mashambulizi. Will Howard kamaliza muda wake, kaenda na yadi zake 4,010 na pasi 35 za tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja, ndo bao lao). Wamebaki Julian Sayin aliyekuja kutoka Alabama mwanzoni mwa 2024 kocha wa kule, Saban, alipostaafu, Lincoln Kienholz wa South Dakota, na dogo mpya kabisa Tavien St. Clair ambaye kwao Bellefontaine ni humu humu Ohio. Kwa kinyozi ninaponyoa, mtu wa Lubumbashi, watu walishawekeana dau la kunyoa bure mwezi mzima. Mmoja ni Sayin damu damu. Mwingine anasema Kienholz apewe maana alishatupwa uwanjani dhidi ya Missouri ile Cotton Bowl ya 2023 mwenzake alipoumia, wakapigwa 14 kwa 3, na aliyekwisha kuungua anajua moto ulipo. Nikawaambia jamani mnagombania dereva wakati gari halina matairi. Wakanicheka, wakasema we mbeba boksi unajua nini.

Najua ukuta bana.

Sisi kwetu ukiambiwa ukuta unawaza mabeki, Bacca na wenzie. Kwenye mpira huu timu inayoshambulia ndo ina ukuta wake, watu watano mbele ya kwotabeki, kila mmoja kilo 140 na ushee, kazi yao mpira hawaugusi (ukitoa wa kati), wanasukumana tu na wale wanaokuja kumla yule mwenye mpira, wampe sekunde mbili tatu za kutupa au wamfungulie mkimbiaji upenyo. Wa kati ni senta, ndo anarudisha mpira nyuma kupitia miguuni, na kabla ya hapo ndo anayewasoma maadui na kuwapigia kelele wenzie nani amshike nani. Pembeni yake wapo magadi wawili. Halafu wale wawili wa mwisho, kushoto na kulia, kwa Kiingereza wana jina ambalo nikiliandika kwa Kiswahili mhariri utaifuta barua, basi nawaita wa pembeni tu.

Mi mwenyewe miaka miwili ya mwanzo nilikuwa sielewi kitu, naufuata mpira kwa macho nachoka. Aliyenifungua ni mzee mmoja Mmarekani mweusi tuliyekuwa tunapakia naye trela, alicheza ukuta enzi za sekondari, magoti yote mawili yamekufa. Siku moja tunapanga paleti akanionyesha: hapa katikati weka boksi lolote, ila boksi la pembe likiwa laini, hata uzungushe plastiki mara ishirini, trela likikata kona mzigo wote unalala. Akasema na uwanjani ni hivyo hivyo, usiangalie mpira, angalia miguu ya yule wa mwisho kushoto, ikianza kurudi nyuma kwa hatua fupi fupi ujue kwotabeki keshakufa. Toka siku hiyo naangalia hivyo.

Sasa angalieni msimu uliopita. Oktoba 12, 2024 wako ugenini kwa Oregon, wa pembeni kushoto Josh Simmons goti likaenda, na mechi wakapoteza 32 kwa 31. Wakahangaika, mwisho wakamtoa Donovan Jackson kwenye ugadi wakampeleka pembeni, kazi ambayo siyo yake, akajifunzia humo humo kwenye mechi. Novemba senta Seth McLaughlin akakata kano ya kisigino mazoezini, na huyo alikuwa senta bora wa nchi nzima mwaka huo, tuzo alipewa. Wiki chache hazijaisha ikaja Michigan. Imeshafungwa mara tano msimu ule, inakuja Columbus, kila mtu anasema leo ni mauaji. Nilikuwa nimetoka zamu asubuhi, sijalala, sambusa zipo mezani. Ohio State wakawa wanagonga pale pale katikati, ukuta wa kuunga unga dhidi ya wale majitu ya Michigan, mara ya kwanza yadi moja, mara ya pili yadi mbili, mpaka mechi inaisha wamekimbia yadi 77 zote kwa ujumla. Wakalala 13 kwa 10. Mwaka wa nne mfululizo wanafungwa na Michigan, wale wageni wakataka kuchomeka bendera katikati ya uwanja, ngumi, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Sambusa hazikuliwa. Watu wazima walikuwa wanataka kocha Ryan Day afukuzwe usiku ule ule.

Afu ndo hao hao wakaja kuwa mabingwa. Tennessee 42 kwa 17, Oregon 41 kwa 21, Texas 28 kwa 14, na fainali Januari 20 kule Atlanta wakaipiga Notre Dame 34 kwa 23. Ile pasi ya mwisho mwisho kwa Smith, jaribio la tatu, bado yadi 11 za kusogea ili waendelee kushambulia, ikaenda yadi 56, najua mmeiona na ndo imewafanya muandike mlichoandika. Sibishi. Dogo ni mwaka wa kwanza tu na kamaliza na yadi 1,315 na tachidauni 15, mtu kama huyo hazaliwi kila mwaka.

Lakini mhariri umeisahau mechi ya Texas. Texas walimfungia Smith kama kuku kwenye tenga, mechi nzima kadaka mpira mmoja, yadi 3. Tatu! Na Ohio State walishinda. Walishindaje? Mkimbiaji TreVeyon Henderson alipewa kipasi kifupi sekunde za mwisho za nusu ya kwanza, wale wazito wa ukuta wakamtangulia mbele wanafagia, akaenda yadi 75 hakuna aliyemgusa. Na mwishoni Jack Sawyer wa ulinzi akaokota mpira akakimbia nao yadi 83. Sawyer kaondoka. Henderson kaondoka. Quinshon Judkins aliyekuwa anapokezana naye, naye kaondoka, na wote wawili walivuka yadi 1,000 msimu mmoja kwenye timu moja. Risiva Emeka Egbuka yadi 1,011 kaondoka. Na mechi ya kwanza ya msimu mpya, Agosti 30, 2025 hapa hapa Columbus, wanacheza na nani? Texas. Wale wale wenye ufunguo wa tenga.

Ndo maana nasema risiva siyo shida kabisa, mbali na Smith wapo Carnell Tate na Brandon Inniss, na Brian Hartline aliyekuwa anawafundisha kapandishwa sasa ndo anaongoza mashambulizi yote baada ya Chip Kelly kwenda Las Vegas kwa Raiders, timu ya kulipwa. Kuna na Max Klare kutoka Purdue, yule anayesimama mwisho wa ukuta na kudaka vilevile, alikuwa tegemeo kwenye timu iliyoshinda mechi moja ikafungwa 11, kwa hiyo shida anazijua. Wakimbiaji wapo wawili, James Peoples ambaye mwaka jana yadi 200 hakufika kwa sababu zamu ilikuwa haimfikii, na CJ Donaldson, bonge la mtu, katoka West Virginia. Watatosha kama wakifunguliwa njia. Henderson na Judkins walikuwa wanaweza kukuchongea njia wenyewe, hawa sina hakika, na sidhani ni haki kuwataka wafanye hivyo mwezi Agosti.

Turudi kwenye ukuta. Katikati wamebaki watu. Carson Hinzman senta, huyu nina naye huruma, 2023 alikuwa senta wakaja kumuweka benchi kwenye ile ile Cotton Bowl, akanyamaza, mwaka jana akaingia ugadi, McLaughlin alipoumia akarudi usenta na ndiye aliyemaliza na kombe. Yupo Luke Montgomery, yupo Austin Siereveld. Na yupo Tegra Tshabola. Hilo jina likitajwa kwa kinyozi mashine inazimwa, maana majina yenye Tsh mbele ni ya watu wa Kasai na Lubumbashi nzima imejaa Wakasai, kinyozi anasema "ule mutoto ni ya kwetu, bamuache kabisa", hata siku akisukumwa mpaka akakaa chini anasema ameteleza. Kwa hiyo gadi wa kulia hatujadili, nyumba ile ina mwenyewe.

Ila boksi za pembe hakuna hata moja iliyobaki. Simmons kaondoka, Jackson kaondoka, Josh Fryar wa kulia kaondoka. Walioletwa ni wawili, Ethan Onianwa kutoka Rice na Phillip Daniels kutoka Minnesota. Onianwa umbo analo, jitu la kutisha, lakini Rice siyo ligi hii, jamaa wanaokuja mbio pembeni mwa ligi hii ni wengine, na tofauti yake ni kama beki wa timu ya daraja la kwanza aamke siku moja amkabe winga wa Al Ahly. Anaweza. Wapo walioweza. Lakini huwezi kuandika kwamba timu itaendelea kutesa wakati huyo mtu hajafanya hata zoezi moja na wenzie. Na aliyekuwa anaufundisha huo ukuta, Justin Frye, naye kaenda Arizona Cardinals, kaja Tyler Bowen kutoka Virginia Tech. Yani fundi mpya, boksi za pembe mpya, na nyuma yao kwotabeki mpya ambaye akiona vumbi linakuja upande wake wa kushoto hajui bado akimbie au atupe. Howard alikuwa mtu mzima, alishacheza miaka Kansas State, hata ukuta ukiyumba alikuwa anajua kujiokoa kwa miguu. Mpe Sayin hali ile ile ya Novemba uone.

Watasema wana pesa, wakiona hapafai springi ikiisha wananunua mwingine, maana siku hizi wachezaji wanahama vyuo kama dirisha dogo la usajili na wanalipwa. Kweli. Lakini ukuta hauzoeani kwa wiki mbili. Watano lazima wajue hatua za mwenzao bila kuangaliana, na hizi siku 15 ndo zenyewe, ukimleta mtu Mei keshazikosa.

Nilimpigia yule mzee wa trela, sa hivi kastaafu, nikamuuliza anampenda nani kwotabeki. Akaniuliza, nani yuko kushoto? Nikamwambia kijana wa Rice. Akakaa kimya kidogo afu akaniuliza habari za watoto.

Mhariri sikulaumu, aya tatu ni aya tatu. Ila Agosti mkiandika tena naomba muweke na majina ya watu watano wa mbele, mkikosa nafasi punguzeni ya Smith. Mi nimeshabadilishana zamu, Aprili 12 nipo uwanjani na kinyozi wangu, yeye kachagua akae upande wa Tshabola, kwa hiyo mke wangu ameshatuambia hatutarudi gari moja.

Mbeba boksi,
Columbus, Ohio