Trekta lililotumika liuzwe kabla ya mvua

Ndugu Mhariri,

Wakulima wenzangu wa Magu, Misungwi na Kwimba mkoani Mwanza, msiuze trekta msimu wa kulima ukishapita, bei ikiwa imeshuka. Uzeni Agosti au Septemba, mnunuzi akiwa anajiandaa na mvua za vuli. Rangi mpya achaneni nayo. Fundi mzoefu huhisi mnaficha oili inayovuja. Osheni injini, badilisheni oili na filta, wekeni sili mpya za kuzuia uvujaji kwenye haidroliki, mfumo wa oili unaoinua jembe, kisha mnunuzi aliwashe trekta mwenyewe likiwa la baridi. Likitoa moshi wa bluu mfululizo, mara nyingi ringi za pistoni zimechoka: semeni wazi, punguzeni bei. Tafadhali, kadi ya usajili msimwachie dalali! Umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), la sivyo madeni na ajali za mnunuzi zitawafuata ninyi.

Mkulima, Magu