Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Tiba: tulidhani ni mafua

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mdogo wangu aliruhusiwa wodini akiwa na vidonge, tarehe ya kliniki na agizo moja: apumzike. Ajali ilimpiga kwenye paji la uso, jicho la kushoto likapoteza nuru. Wapasuaji walipitisha kamera puani hadi sinasi ya sfenoidi, uwazi wa mfupa ulio nyuma kabisa ya pua, wakaondoa mfupa uliobana mshipa wa fahamu wa jicho. Siku ya nne nyumbani, tundu moja la pua likaanza kudondosha maji maangavu kila akiinama. Tukasema mafua. Akasema anahisi chumvi kooni, tukampa chai. Siku ya sita shingo ikakakamaa, na mapokezi wakatuambia tufuate foleni.

Wapasuaji siwalaumu. Mfereji wa mshipa ule umepakana na tando za ubongo, na pengine ajali yenyewe huwa imeshazichana kabla ya kisu kufika. Ufa ukibaki, maji ya ubongo huvujia puani, na bakteria wa puani, hasa nimokoka, hupanda kwa njia hiyohiyo. Ndiyo homa ya uti wa mgongo.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyetuambia. Asipenge kamasi: hatukuambiwa. Steroidi alizopewa, yaani dawa za kutuliza uvimbe, zinaweza kuificha homa, kwa hiyo kipimajoto kikisema salama kisiaminiwe peke yake: hatukuambiwa. Hata kabla ya kutia saini ya ridhaa, hatukuambiwa kwamba utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1999 haukuona faida ya wazi ya upasuaji huu, wala ya steroidi, kuliko kumwangalia mgonjwa tu. Huenda tungekubali vilevile. Jicho ni jicho. Ila tungekubali tukijua.

Naomba uagize kila hospitali inayofanya upasuaji huu impe mgonjwa ukurasa mmoja, kwa lugha anayoisoma, wenye dalili hizo na namba ya simu inayopokelewa usiku. Mgonjwa ainamishwe na pua ichunguzwe kabla hajaruhusiwa. Maji yakitoka, yapelekwe maabara kupimwa beta-2 transferini, protini inayoonyesha kwamba ni maji ya ubongo. Na walioko mapokezi wafundishwe kwamba huyu hapangi foleni.

Mdogo wangu alizibwa ufa kwa upasuaji wa pili, baada ya wiki mbili za antibaiotiki za mshipani. Jicho linaona mwanga tu. Ukurasa ninaouomba nimeshauandika rasimu. Nitauleta ofisini kwako siku utakayonipangia.

Wako,
Dada wa mgonjwa