Anzeni na intaneti, si lori

Mhariri,

Mimi ni karani wa masjala, na kila ofisi inapohama, mzigo wa kwanza na wa mwisho huwa wangu. Naomba nafasi niwaambie wakubwa wanaopanga kuhama: anzeni na intaneti, si lori. Lori hupatikana hata kesho. Laini ya intaneti huweza kuchukua wiki kadhaa tangu iombwe hadi ifanye kazi. Nimeona watu wamekaa kwenye viti vipya, kompyuta mbele yao, wakitazamana.

Halafu majalada. Kuandika "Uhasibu" juu ya boksi hakutoshi. Liandikwe namba, chumba linakokwenda na jina la atakayelifungua, tena ubavuni, maana maboksi yakishapandana maandishi ya juu hayaonekani. Orodha ya maboksi ibaki mkononi mwa mtu, isipakiwe. (Msicheke, huwa inapakiwa.) Majalada yanayofanyiwa kazi wiki hiyo yafungwe mwisho, yafunguliwe kwanza.

Seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kazi za ofisi, izimwe Ijumaa jioni, baada ya nakala rudufu kuchukuliwa na kujaribiwa, na isisafiri pamoja na makabati. Wateja wajulishwe mapema. Simu zinazopigwa kwenye namba za zamani zielekezwe kwenye namba mpya.

Kuhama idara moja moja naunga mkono, ila masjala isitangulie. Waliobaki nyuma watayataka majalada yao, na atakayetumwa kuyafuata ni mimi.

Karani wa masjala