Mdogo wangu, kabla hujachagua monasteri

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniuliza uchague monasteri ipi ya Wabenediktini ili uwe oblati wake, yaani mlei anayejitoa kwa Mungu akiwa ameungana na monasteri huku akiendelea kuishi nyumbani kwake. Nimeisoma orodha yako ya monasteri, pamoja na maelezo uliyoandika mbele ya kila jina: hii wanaimba Kigregoriani, ile ina maktaba kubwa, ile nyingine abate wake, yaani mkuu wa nyumba, anahubiri vizuri. Nimefurahi kuona umelivalia njuga jambo hili. Ila orodha yenyewe inaeleza ladha yako zaidi kuliko inavyowaeleza wamonaki. Na kwa kuwa wapo wengi wenye swali kama lako, nakujibu hapa hadharani. Jina lako silitaji.

Tuanze na hili, maana ndilo linalowachanganya wengi. Hakuna oblati wa Wabenediktini kwa ujumla. Anayeingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ule wa walei, anaingia katika familia iliyoenea duniani, na akihama anawakuta wenzake huko aendako. Oblati anajitoa kwa Mungu akiwa ameungana na nyumba moja, yenye watu wake na abate wake. Wabenediktini hawajawahi kuwa shirika la amri moja kutoka juu: shirikisho lao liliundwa mwaka 1893 chini ya Papa Leo XIII, na hata baada ya hapo kila abasia imeendelea kujitawala. Ndiyo maana nyumba mbili zinazoishika Kanuni ileile, mwongozo wa maisha ambao Mtakatifu Benedikto aliwaandikia wamonaki, zinaweza zisifanane. Moja imezama katika shule na parokia, nyingine wamonaki wake hutoka getini kwa nadra. Ni kama unaolewa na ukoo, si na picha ya bwana harusi, na kwenye ukoo kuna wajomba wakali na shangazi wasiosalimia.

Kwa hiyo, ukienda, usiende Juma Kuu. Siku hizo kila monasteri inapendeza. Nenda wiki isiyo na sikukuu yoyote, uone Masifu ya Asubuhi yanavyosaliwa siku ya Jumanne, wazee wakikohoa na vijana wakisinzia. Mtazame bawabu pia. Benedikto alimpa sura nzima katika Kanuni yake, ya 66: awe mzee mwenye busara, anayejua kupokea ujumbe na kutoa jibu, na mtu akibisha hodi, yeye amshukuru Mungu. Mimi naamini nyumba huonekana pale mlangoni kuliko kanisani. Kanisani wote tunajipanga.

Halafu mtafute mlezi wa waoblati. Huyu atakuwa na uzito katika maisha yako kuliko abate, ambaye huenda ukamwona kwa nadra. Muulize anawafundisha nini waoblati wake, wanakutana lini, na mtu akikwama katika sala anamwendea nani. Na uombe kuzungumza na waoblati wenyewe akiwa hayupo. Ukikuta nyumba inawakumbuka walei wake wakati wa michango tu, shukuru kwa chakula uondoke.

Kuhusu sala, naona umeziweka juu nyumba zinazosali Kilatini. Si vibaya. Lakini wewe utasali ukiwa nyumbani, ukiwa na watoto na zamu za kazi, na kinachotakiwa ni sala utakayoidumisha katika hali hiyo. Benedikto mwenyewe, baada ya kuzipanga zaburi zote 150 zisaliwe ndani ya wiki moja, anasema katika sura ya 18 kwamba anayeona mpango bora kuliko wake aupange hivyo. Mtu mkali kama yule! Waulize wanatazamia oblati asali nini kila siku. Wakikupa mzigo wa mmonaki mzima, hawajui maisha yako. Wasipokudai chochote, sioni wanakulea vipi.

Umbali usikutishe sana, ila usijidanganye nao. Dorothy Day, yule Mmarekani aliyeanzisha harakati ya Catholic Worker ya kuwahudumia maskini, aliishi New York, akawa oblati wa abasia ya St. Procopius, jimboni Illinois, mwaka 1955. Mbali kweli. Lakini yeye alikuwa na jumuiya yake ya kila siku na Misa ya kila siku. Kama wewe huna mwenza wa kusali naye, nyumba ya kawaida unayoweza kuifikia itakufaa kuliko ile tukufu unayoitazama kwenye simu.

Shemeji anajua? Katika ujumbe wako wote hukumtaja. Ahadi ya oblati si nadhiri ya kitawa. Haikutoi kwenye ndoa, kazini wala parokiani. Fransiska wa Roma, msimamizi wa waoblati, alijitoa mwaka 1425 kwa wamonaki Waolivetani, tawi la Wabenediktini, wa Santa Maria Nova, akaendelea kuishi na mumewe Lorenzo mpaka alipofariki mwaka 1436. Ndipo akahamia kwa waoblati wanawake wenzake pale Tor de' Specchi, nyumba ya jumuiya aliyoianzisha mwenyewe huko Roma. Sala itakayokufanya usionekane mezani kwenu haitakuwa ya Kibenediktini.

Jambo la mwisho ni hofu yako ya kukosea. Kuzungukazunguka nako kuna mwisho. Sura ya kwanza ya Kanuni inawataja wamonaki wanaohama nyumba hadi nyumba, siku tatu hapa, nne pale, na Benedikto anawaona wabaya kuliko wote. Hata hivyo hakutaka mtu aingie kwa pupa: sura ya 58 inaagiza mgeni asifunguliwe kirahisi, na Kanuni asomewe tena na tena kabla ya kuahidi. Kwa oblati pia kuna unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio, kwa kawaida kama mwaka mmoja, na ukigundua hapakufai unaaga kwa amani. Kwa hiyo huhitaji kuwa na hakika leo.

Ongea na shemeji wiki hii. Kisha mwandikie mlezi wa ile nyumba uliyoiweka ya mwisho, ambayo mbele yake umeandika tu "walinijibu vizuri". Mimi ningeanzia hapo.

Dada yako